Begi la kilo 7 kwa wiki mbili: kipi kipakiwe, kipi kirudishwe dukani

Swali: Nitasafiri kwa wiki mbili. Wiki ya kwanza nitakuwa mjini kwenye baridi ya nyuzi 5 hadi 10, ya pili kwenye joto na mvua. Tiketi yangu inaruhusu begi moja la kabini lisilozidi kilo 7, na sitaki kulipia mzigo mwingine. Nimeshanunua sanduku dogo la magurudumu, mifuko ya kubana nguo, pawabenki ya mAh 30,000, adapta ya dunia nzima, mto wa shingo, chupa yenye chujio la maji, koti la mvua na kufuli. Bado nina wasiwasi kuna mahali nimekosea. Nibaki na vipi?

Jibu: Wasiwasi wako una msingi. Vingi ulivyonunua ni vya kuokoa nafasi, na kinachokubana wewe si nafasi, ni uzito. Begi la lita 38 likijazwa nguo za kawaida, viatu na chaja hufika kilo 9 au 10 bila taabu. Kwa hiyo kila kitu kwenye orodha yako kipimwe kwanza kwa gramu, ndipo tuulize kazi yake.

Sanduku ndilo linalokula zaidi. La magurudumu, la ukubwa wa kabini, huwa na kilo 2.3 hadi 3.2 likiwa tupu, kwa sababu ya mpini wa chuma, magurudumu na fremu. Tuseme lako lina 2.8: umebakiwa na kilo 4.2 za vitu vyako. Begi la mgongoni la lita 35 hadi 40 lenye kilo 1.1 lingekuachia 5.9. Hiyo kilo 1.7 huwezi kuipata kwa kukata mpini wa mswaki. Kama risiti bado unayo, rudisha sanduku. Kama mgongo wako hauruhusu kubeba, baki nalo, lakini pima upya vipimo vyake pamoja na magurudumu na mishikio. Maduka mengi huandika ukubwa wa sanduku lenyewe tu, na kwenye lango la kupandia ndege wanaangalia kama limeingia lote kwenye fremu ya kupimia. Kipimo kikali kinachotumika sana ni sentimita 55 × 40 × 20. Mashirika mengine huruhusu unene wa 23, hivyo begi linalotoshea 20 litakubalika kwingi.

Ukienda kununua begi la mgongoni, rangi na idadi ya mifuko viache mwisho. Anza na zipu kuu. Nyuma ya kitelezi chake kwa kawaida kuna namba, ambayo ni takriban upana wa meno katika milimita zipu ikiwa imefungwa. Namba 8 au 10 ni nzuri kwa mlango mkuu. Namba 5 iache kwa mifuko midogo. Kisha vuta kamba za mabegani pale zinaposhonwa juu: unataka kuona mshono mzito wa kurudiarudia, si mstari mmoja. Hapo ndipo mabegi ya bei rahisi hufumukia, tena hufumuka siku yakiwa yamejaa. Kitambaa cha nailoni cha 210D ni chepesi na kinatosha ubavuni, ila kitako kiwe cha 420D au zaidi. Hiyo D ni uzito wa uzi, yaani gramu za mita 9,000 za uzi huo. Haisemi lolote kuhusu kuzuia maji, kwa hiyo usikubali muuzaji akuambie kwamba 1000D haipitishi mvua.

Chagua linalofunguka kwa zipu ya kuzunguka, likalala wazi kama sanduku. Lenye mdomo juu litakulazimisha kumwaga kila kitu kitandani ili upate soksi. Kwa kilo 7 huhitaji fremu ya chuma. Mkanda mnene wa kiunoni nao si lazima, ila ule mwembamba wa kifuani ni wa maana, kwa sababu unazuia kamba zisiteleze mabegani.

Mifuko ya kubana nguo inapunguza ujazo, haipunguzi hata gramu moja. Kila mmoja una gramu 80 hadi 150, na ukiona nafasi imebaki utaijaza. Rudisha seti yote. Kama unapenda mpangilio, baki na mfuko mmoja mwepesi wa kitambaa kwa nguo za ndani, na mfuko wa plastiki kwa nguo chafu.

Pawabenki yako ina tatizo la sheria kabla hata ya uzito. Kwenye ndege betri za lithiamu huhesabiwa kwa wati-saa (Wh), na hesabu yake ni rahisi: mAh mara volti, gawanya kwa 1,000. Volti za ndani ya pawabenki ni 3.7, hivyo 30,000 × 3.7 ÷ 1,000 ni Wh 111. Mpaka wa kubeba bila kuomba ni Wh 100. Kati ya 100 na 160 unahitaji idhini ya shirika la ndege, na juu ya 160 hairuhusiwi kwa abiria. Ya mAh 20,000 ina Wh 74, haina shida. Na zote, hata ndogo kabisa, zinakaa kabini. Kuziweka kwenye mzigo wa chini ya ndege ni marufuku, kwa sababu betri ikishika moto kule hakuna wa kuizima. Hakikisha maandishi ya uwezo bado yanasomeka juu yake. Iliyofutika inaweza kuchukuliwa kwenye ukaguzi hata kama ni ndogo. Tangu 2025 mashirika kadhaa ya Asia yamekataza pia kuitumia ndege ikiwa angani, basi soma masharti ya shirika lako siku chache kabla ya kuondoka.

Je, unahitaji kubwa kiasi gani? Namba iliyoandikwa si kiasi kinachofika kwenye simu. Umeme hupandishwa kutoka volti 3.7 hadi 5 au zaidi, ukashushwa tena ndani ya simu, na njiani sehemu yake inageuka joto. Hesabu asilimia 60 hadi 70. Ya mAh 10,000 itajaza simu yenye betri ya mAh 5,000 mara moja na kitu, yaani siku nzima ya ramani, picha na tafsiri. Kwa mtu anayelala penye umeme kila usiku hiyo inatosha kabisa, nayo ina gramu 200 hivi. Ya 30,000 huzidi gramu 550. Badilisha.

Adapta ya dunia nzima ni ile ya mchemraba, yenye pini zinazosukumwa kutoka kila upande. Nayo ningeirudisha. Ni nzito, na kwenye soketi iliyolegea uzito wake unaivuta chini mpaka pini zinaachia. Unaamka asubuhi simu ina asilimia 12. Nyingi pia hazina waya wa ethi. Angalia soketi za nchi unazokwenda, kisha nunua adapta ndogo ya aina hiyo tu, moja kwa kila aina. Pini tatu za mstatili ni za Uingereza na nchi nyingi zilizorithi mfumo wake. Pini mbili za mviringo ni za sehemu kubwa ya Ulaya bara. Pini mbili bapa zilizosimama sambamba ni za Marekani na Japani.

Adapta hubadilisha umbo la pini. Volti haizigusi. Geuza chaja yako usome mstari ulioandikwa INPUT. Ukiona 100–240V, 50/60Hz, chaja hiyo inafanya kazi popote, na chaja karibu zote za simu na kompyuta za sasa ziko hivyo. Hatari iko kwenye vitu vya joto: kikausha nywele, pasi, birika. Kilichotengenezwa kwa volti 120 pekee ukikichomeka kwenye 230 kitavuta takriban mara nne ya nguvu yake na kuungua papo hapo. Cha 230 kwenye 120 kitatoa robo tu ya joto. Viache nyumbani. Beba chaja moja yenye matundu mawili au matatu, ya wati 30 kama una simu na tableti, 65 kama una kompyuta, na kebo mbili. Hapo umemalizana na umeme, na soketi moja ya hotelini itakutosha.

Sasa nguo, ambazo ndizo kiini cha safari ya baridi na joto. Usipakie seti mbili. Pakia seti ya joto, halafu ongeza tabaka za kuvaa juu yake na chini yake. Baridi ya nyuzi 5 hadi 10 haihitaji koti zito la manyoya. Inahitaji nguo ya ndani inayobana mwili, ya mikono mirefu, sweta ya flisi juu yake, na tabaka la nje linalozuia upepo. Upepo ndio unaofukuza joto lililonaswa kati ya nguo, kwa hiyo sweta nene bila kizuia upepo itakuangusha mtaani.

Hesabu yake iko hivi. Fulana 4 za gramu 150 ni 600. Chupi 4 ni 240, soksi jozi 3 ni 180, suruali moja nyepesi 330 (nyingine umeivaa), nguo za ndani za baridi juu na chini 350, flisi 300, kaptula au sketi nyepesi 200. Jumla ni kilo 2.2. Nguo za baridi za ndani ndizo za kulalia pia. Suruali ya jinzi usiibebe: ina gramu 600 hadi 800, na ikilowa haikauki kwa usiku mmoja. Pamba kwa jumla ina tatizo hilo, inanyonya maji na kuyashikilia. Poliesta hukauka haraka lakini hushika harufu ya jasho. Sufu ya merino, ya gramu 150 kwa mita ya mraba, huvaliwa siku kadhaa bila kunuka. Ubaya wake ni bei na wepesi wa kutoboka. Mchanganyiko unaoleta maana ni fulana mbili za merino kwa siku za safari ndefu na mbili za poliesta kwa siku za jasho.

Idadi hiyo ina sharti, nalo ni kufua kila baada ya siku tatu au nne. Nguo haikauki usiku kucha kwa kuning'inizwa inachuruzika. Ikamue, ilaze juu ya taulo kavu, kunja taulo na nguo pamoja kama mkeka, kisha kanyaga au sokota kwa nguvu. Taulo itanyonya sehemu kubwa ya maji yaliyobaki. Kwa hilo, taulo ya maikrofaiba ya sentimita 40 × 80, yenye gramu 100 hivi, ni kitu kidogo ambacho hukuwa nacho kwenye orodha na kinastahili kuwemo. Ongeza kizibo bapa cha mpira cha sinki, maana vizibo vya hotelini hupotea, na kamba ya mpira iliyosokotwa, ambayo unachomeka pembe ya nguo katikati ya nyuzi bila kibanio.

Koti la mvua libaki, kwa sababu ndilo kizuia upepo chako wiki ya kwanza. Angalia ndani kama mishono imefunikwa kwa utepe. Isiyofunikwa hupitisha maji hata kama kitambaa ni kizuri. Kipimo cha kuzuia maji cha milimita 10,000 kinatosha mvua ya mjini. Koti la zamani likianza kulowa nje badala ya maji kuteleza, mara nyingi kinachokuwa kimeisha ni ule mpako wa juu wa kufukuza maji. Lifue, kisha kama lebo inaruhusu lipashe kwenye mashine ya kukaushia kwa joto dogo, na mpako unaweza kuamka. Lakini wiki ya pili, kwenye joto, utalowa jasho ndani ya koti lolote, liwe la bei gani. Hapo mwavuli mdogo wa gramu 200 hadi 250 ni bora, na ukitaka kupunguza mzigo, ununue ukifika.

Viatu ni jozi mbili: vizito umevaa, vyepesi begini, visizidi gramu 450. Vipya usivivalie safari. Vitembelee kwa angalau wiki mbili kabla, ukivaa soksi zilezile utakazosafiri nazo.

Chupa yenye chujio inategemea maji ya unakokwenda. Vichujio vya nyuzi zenye uwazi ndani, vyenye vitundu vya mikroni 0.1, vinanasa bakteria na vijidudu wakubwa kama Giardia, ila virusi ni vidogo mno, vinapita. Palipo na shaka ya maji taka, chuja kisha weka kidonge cha klorini na usubiri dakika 30, au muda ulioandikwa kwenye pakiti. Klorini peke yake nayo haiui Cryptosporidium, kimelea cha kuharisha ambacho chujio hukinasa, ndiyo maana vinafanya kazi pamoja. Na kuna jambo ambalo pakiti huliandika kwa maandishi madogo: chujio lililowahi kulowa likiganda kwa barafu, nyuzi zake hupasuka, na kwa macho huwezi kugundua. Kwenye nyuzi 5 huna hofu hiyo. Kama maji ya bomba ya nchi zote mbili ni salama, acha chujio, beba chupa nyepesi tupu uijaze ukishavuka ukaguzi.

Vimiminika vinafuata ile kanuni ya 2006: kila chombo kisizidi mililita 100, vyote vikae kwenye mfuko mmoja wa plastiki unaoonyesha ndani, wa lita 1. Kinachopimwa ni chombo. Chupa ya mililita 200 iliyobaki na vijiko viwili vya mafuta itatupwa. Dawa ya meno, krimu, jeli na vipulizi vyote ni vimiminika. Sabuni ya kipande si kimiminika, na shampuu ya kipande pia si kimiminika, kwa hiyo zitumie. Viwanja vingine vyenye mashine mpya vimelegeza kanuni hii. Usitegemee, kwa sababu uwanja wa kurudia huenda haujalegeza. Chupa laini usizijaze hadi mdomoni. Zibonyeze kidogo utoe hewa, ndipo ufunge: shinikizo la hewa kabini hushuka, hewa iliyomo hutanuka, na kinachosukumwa nje ni shampuu yako.

Dawa zako za kila siku zibebe za siku zote pamoja na nne au tano za ziada, kwenye pakiti zake za asili, na karatasi ya daktari yenye jina la dawa lenyewe badala ya jina la kibiashara. Chunguza sheria za nchi unazokwenda hata kwa dawa za mafua: Japani, kwa mfano, hairuhusu kuingiza dawa zenye pseudoephedrine zaidi ya asilimia 10. Ongeza pakiti nne za ORS (chumvi ya kuchanganya na maji ukiharisha), plasta za malengelenge, na dawa ya kupaka ya mbu yenye DEET asilimia 20 hadi 30 au icaridin asilimia 20. DEET huyeyusha plastiki, kwa hiyo iepushe na miwani na kioo cha saa. Mafuta ya kujikinga na jua hupakwa kwanza, dawa ya mbu juu yake.

Mto wa shingo wa sponji una gramu 350 au zaidi, na sehemu yake nene iko nyuma, inakosukuma kichwa mbele. Wa kujaza upepo una chini ya 100. Vaa kinyume, unene uwe chini ya kidevu. Kama hulali kwenye ndege hata ukiwa na mto, acha yote miwili ubebe vizibo vya masikio vya sponji: visokote viwe vyembamba, vuta sikio juu kwa mkono mwingine, ingiza, shikilia kidogo mpaka vivimbe.

Kufuli libaki, lakini ujue linafanya nini. Zipu ya nyuzi, ile yenye meno ya nailoni iliyojiviringisha, hufunguliwa kwa ncha ya kalamu bila kugusa kufuli, kisha kitelezi kikipitishwa tena inajifunga kama hakikutokea kitu. Faida ya kufuli ni kumzuia mtu anayepitisha mkono kwenye basi au bwenini, tena dogo la gramu 40 linatosha.

Kuna jambo moja la upakiaji ambalo watu wa kilo 7 hulisahau. Ndege ikijaa, begi lako linaweza kuchukuliwa langoni na kupelekwa chini, ukitaka usitake. Weka pawabenki, dawa, nyaraka, fedha na miwani kwenye pochi moja iliyo juu kabisa, unayoweza kuichomoa kwa sekunde tano. Begi likirudi limeharibika, lalamika kwa maandishi ndani ya siku 7. Likichelewa, ndani ya siku 21 tangu ulipokabidhiwa. Muda huo umewekwa na Mkataba wa Montreal wa 1999 kwa safari za kimataifa, na ukipita, dai lako limekwisha.

Kwa makadirio, basi: begi 1.1, nguo 2.2, vifaa vya umeme 1.0 pamoja na tableti, usafi na taulo 0.6, dawa 0.3, koti la mvua 0.35, viatu 0.45. Ni kilo 6.0. Kilo inayobaki usiijaze. Mizani ya kaunta na ya nyumbani hazifanani, na utarudi na kitu.

Pakia wiki moja kabla. Simama kwenye mizani ukiwa na begi, kisha bila begi, toa. Tembea nalo nusu saa, ukipanda na ngazi pia. Likizidi, punguza kwa mpangilio huu: fulana ya nne, kisha kaptula, kisha tableti kama simu inaweza kazi yake. Koti la mvua na flisi vivae hadi ndani ya ndege. Dawa usiziguse.